Frank Shuman, Mmarekani aliyevuta maji ya Nile kwa joto la jua

Julai 1913, katika kitongoji cha Maadi kusini mwa jiji la Cairo, wakubwa wa serikali na wenye mitaji walikusanyika kandokando ya Mto Nile kutazama pampu. Pampu zilikuwa nyingi Misri wakati huo, na nyingi ziliendeshwa kwa makaa ya mawe yaliyoletwa kwa meli kutoka Uingereza. Hii haikuwa na tanuri wala bomba la moshi, na hakuna kibarua aliyesimama na koleo akitia makaa. Mbele ya wageni kulikuwa na mihori mitano mirefu ya vioo, kila mmoja ukiwa na urefu wa mita 62 na upana wa mita 4. Ilikuwa imelazwa kutoka kaskazini kwenda kusini na ikizunguka polepole kulifuata jua. Katikati ya kila mhori lilipita boila jembamba lililofunikwa kwa kioo. Maji yalichemkia humo, mvuke ukaendesha injini, na injini ikavuta maji ya Nile kuyapeleka mashambani.

Aliyeijenga ni Frank Shuman, Mmarekani wa Philadelphia. Jina lake halitajwi sana Afrika Mashariki, ingawa anayepita Mbarara leo na kuinua macho kwenye mapaa ya hoteli, hosteli za wanafunzi na nyumba za wenye uwezo ataona kazi ya aina yake: tangi la maji limelazwa juu ya bati, na chini yake sanduku jeusi lenye kioo au safu ya mirija ya glasi. Watu wengi huchanganya vifaa hivyo na paneli za umeme. Paneli hubadili mwanga kuwa umeme, lakini hita ya jua haina habari na umeme. Inakamata joto na kuliingiza kwenye maji, basi. Joto hilo ndilo Shuman alilolifanyia kazi kwa miaka zaidi ya kumi, na ndilo lililompa sifa na kumla fedha.

Kutoka kioo hadi jua

Shuman alizaliwa Brooklyn, New York, tarehe 23 Januari 1862. Hakuwa profesa. Alikuwa fundi mwenye kichwa cha biashara, mtu wa kuona tatizo kiwandani na kulitafutia kifaa, kisha kukimbilia ofisi ya hataza kabla jirani hajamwahi. Mwaka 1891 alihamia Philadelphia kufanya kazi na jamaa yake aliyekuwa na kiwanda cha chuma katika mtaa wa Tacony. Kiwanda hicho kilikuwa na kazi kubwa ya jumba la jiji la Philadelphia, lile lenye sanamu ya William Penn kileleni, na Shuman alishughulika na namna ya kuvipaka vyuma vya mnara alumini ili visiliwe na kutu.

Utajiri wake ulitoka kwenye kioo. Viwanda vya wakati ule vilikuwa na mapaa ya vioo ili mwanga uingie, na kioo kikipasuka vipande vilidondoka juu ya vichwa vya wafanyakazi. Moto ukitokea ndiyo ikawa balaa zaidi. Shuman alibuni njia ya kuzamisha wavu wa waya ndani ya kioo kikiwa bado laini, na mwaka 1892 akapata hataza. Kioo cha namna hiyo hata kikipasuka hakidondoki, kwa sababu waya unavishika vipande. Kipo hadi leo kwenye milango ya hospitali na shule nyingi, Mbarara zikiwemo, na wachache wanaopita mlangoni humkumbuka aliyekibuni. Baadaye aliongeza kioo cha tabaka kisichotoa vipande vikali, na pia nguzo za zege za kushindilia ardhini kwa ajili ya misingi ya majengo.

Inafaa kulikumbuka hili kwa sababu Shuman aliingia kwenye jua akiwa na fedha yake mwenyewe na akiwa ameshajua jinsi wazo linavyogeuka bidhaa. Waliomtangulia walikuwa na akili lakini walikosa soko. Mswisi Horace-Bénédict de Saussure alitengeneza mwaka 1767 sanduku lenye vioo kadhaa lililopita kiwango cha maji kuchemka. Mwanaastronomia Mwingereza John Herschel, alipokuwa Rasi ya Tumaini Jema katika miaka ya 1830, alipika chakula kwa sanduku la aina hiyo hiyo. Mwalimu wa Kifaransa Augustin Mouchot aliwashangaza watu kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1878 kwa kutengeneza barafu kwa nguvu ya jua. Vioo vya Mouchot vilikuwa ghali, vilihitaji kung'arishwa mara kwa mara, na makaa ya mawe yaliposhuka bei Ufaransa, serikali ilipoteza hamu.

Shuman aliwasoma hao wote na kufikia uamuzi ambao muuzaji yeyote angeuelewa. Kosa lao, kwa maoni yake, lilikuwa kutafuta joto kali mno. Joto kali linadai vioo vilivyopinda kwa ustadi na mitambo ya kufuata jua kwa usahihi, na vyote hivyo ni gharama. Yeye aliona ni afadhali kuanza na joto la chini na kifaa cha bei nafuu, kisha kukifanya kiwe kikubwa.

Sanduku la Tacony

Mwaka 1907, nyuma ya nyumba yake Tacony, alijenga sanduku bapa lenye eneo la futi za mraba 1,080, yaani karibu mita za mraba 100. Ndani mlikuwa na mabomba meusi na juu kuna kioo. Mabomba hayakujazwa maji, yalijazwa etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi joto 35 tu, chini ya joto la mwili wa mtu. Jua la Philadelphia lilitosha kuchemsha etha na kuendesha injini ndogo. Aliwaalika majirani waje wajionee, na walikuja.

Injini ile ilikuwa ndogo sana kwa biashara, na Shuman alijua. Ila ilikuwa tangazo. Kwa jina alilokuwa nalo kutokana na kioo cha waya, wenye fedha walimsikiliza. Akaunda kampuni, akaacha etha na kurudi kwenye maji, akaongeza vioo pembeni mwa masanduku ili kuzidisha mwanga, na akasaidiana na mainjinia wenzake kutengeneza injini inayotosheka na mvuke wa shinikizo dogo. Kufikia 1911 mtambo wake wa Tacony ulikuwa na zaidi ya futi za mraba 10,000 za kukusanyia joto, na uliweza kuvuta galoni 3,000 za maji kwa dakika.

Jambo moja katika miaka hiyo linastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndilo linalomgusa mwenye hoteli Mbarara au mama mwenye mgahawa Nakivale. Shuman hakuwahi kudai kwamba mtambo wa jua ni rahisi kununua. Alikiri wazi kwamba gharama ya kuanzia ilikuwa kubwa kuliko ya mtambo wa makaa. Hoja yake ilikuwa kwamba anayenunua mtambo wa makaa hununua pia makaa kila wiki kwa maisha yote ya mtambo, na anayenunua mtambo wa jua hulipia mafuta yake yote siku ya kwanza. Kwa hiyo alitafuta mahali ambapo makaa ni ghali na jua ni la bure mwaka mzima. Misri ilikuwa hivyo. Haikuwa na makaa yake, ilikuwa na mashamba ya pamba yanayohitaji maji, na haikukosa jua.

Hesabu ya leo haijabadilika. Chukua mfano wa nyumba ya wageni yenye vyumba 10, kila mgeni akitumia lita 40 za maji ya moto. Hizo ni lita 400 kwa siku. Kuzitoa kwenye nyuzi joto 20 hadi 60 kunahitaji takriban uniti 18 au 19 za nishati. Kwa kuni kavu kwenye mafiga matatu, ambapo sehemu kubwa ya joto hupotea hewani, ni kama kilo 30 za kuni kila siku. Kwa jua la kusini magharibi mwa Uganda, linaloleta karibu uniti 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku, na kifaa kinachokamata nusu yake, mita za mraba 7 au 8 juu ya bati zinatosha siku ya jua zuri. Siku ya mawingu hazitoshi, na fundi anayesema zinatosha anauza maneno. Msimu wa mvua za Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba, lazima kuwe na chanzo kingine cha kuongezea.

Nakivale kuni si suala la fedha tu. Makazi hayo ya wakimbizi katika wilaya ya Isingiro yalianza mwaka 1958 kwa Wanyarwanda waliokimbia, na leo yanahifadhi watu zaidi ya laki moja kutoka Congo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na kwingineko. Kwa maana fulani Jumuiya ya Afrika Mashariki yote inakutana sokoni Base Camp, na Kiswahili ndicho kinachofunga bei. Watu wengi kiasi hicho wakipika na kuchemsha maji kwa kuni, miti inakwisha, wanawake na watoto wanaenda mbali zaidi kuitafuta, na ugomvi na wenyeji wanaomiliki mashamba ya jirani hauchelewi. Kila lita inayopashwa moto na jua ni kipande cha mti kilichobaki kimesimama.

Waingereza, boila la zinki na Kitchener

Fedha za Marekani hazikumtosha Shuman, akavuka bahari kwenda London. Huko iliundwa Eastern Sun Power Company, na wenye hisa Waingereza wakafanya alichotakiwa kukitarajia: walileta mtaalamu wao akague. Mhandisi A.S.E. Ackermann alipewa kazi ya ushauri, na mwanafizikia C.V. Boys akaitwa kutoa maoni. Boys alipendekeza badiliko lililobadili kila kitu. Badala ya masanduku bapa, watumie mihori iliyopinda ambayo inakusanya mwanga wote kwenye mstari mmoja katikati, na boila lipite kwenye mstari huo.

Wabunifu wengi wangenuna. Mtu ametumia miaka na fedha zake kuthibitisha kwamba sanduku bapa ndilo jibu, halafu anakuja mgeni na mchoro mwingine. Shuman aliukubali mchoro, na pengine hapo ndipo alipoonyesha ubora wake kuliko mahali pengine popote.

Kazi ya Maadi ilianza 1912. Jaribio la kwanza lilikuwa aibu. Maboila yalikuwa yametengenezwa kwa zinki ili kupunguza gharama, na jua la Misri, likikusanywa na mihori ya Boys, liliyalegeza hadi yakapinda na kuvuja. Mtambo ulifanya kazi vizuri kupita vifaa vilivyoubeba. Maboila yakang'olewa, yakatengenezwa mapya ya chuma cha kalibu, na miezi ikapotea. Ndiyo maana sherehe ilifanyika Julai 1913.

Mafundi wa hita za jua wanaijua hadithi hiyo hata kama hawajawahi kumsikia Shuman. Hita iliyofungwa bila kupima mahitaji ya mteja huharibika kwa namna zile zile. Maji yenye chokaa huziba mirija, shinikizo la maji ya bomba hupasua tangi lililotengenezwa kupokea maji ya kudondoka tu, na paa la mbao dhaifu hulalia upande mmoja likibebeshwa lita 300, ambazo ni kilo 300 kabla ya kuhesabu tangi lenyewe. Sehemu iliyo karibu na mstari wa Ikweta kama Mbarara ina jambo lake pia. Jua hupita upande wa kaskazini nusu ya mwaka na upande wa kusini nusu nyingine, kwa hiyo kifaa hulazwa karibu bapa, kwa mwinamo mdogo tu wa kuruhusu maji kupanda na mvua kuosha vumbi. Anayefunga kwa kufuata picha ya kitabu cha Ulaya, akiinamisha sanduku sana kuelekea kusini, anamwibia mteja joto la miezi mingi bila kukusudia.

Mtambo wa Maadi uliposimama sawasawa ulikuwa na zaidi ya nguvu za farasi 50, na ulivuta galoni 6,000 za maji kwa dakika, yaani zaidi ya lita 22,000. Lord Kitchener, mwakilishi wa Uingereza nchini Misri na mtu aliyekuwa na neno la mwisho katika mambo mengi ya bonde la Nile, alihudhuria. Alivutiwa kiasi cha kumuahidi Shuman shamba la pamba la ekari 30,000 nchini Sudan ili mtambo ujaribiwe kwa kiwango kikubwa. Ujerumani nayo iliahidi fedha kwa mtambo katika koloni lake la kusini magharibi mwa Afrika, Namibia ya leo.

Hapa pana jambo la kusemwa wazi. Ahadi hizo hazikuwa za kumpunguzia mkulima wa Sudan au wa Namibia mzigo. Zilikuwa za kulima pamba ya viwanda vya Lancashire na kuifanya ardhi ya koloni ilipe. Hakuna dalili kwamba Shuman alihangaika na tofauti hiyo. Alikuwa mfanyabiashara wa zama zake, na zama zake ziliigawa Afrika kwa rula. Kwamba nishati ya kwanza kubwa ya jua ya kibiashara duniani ilisimama kwenye ardhi ya Afrika, na Waafrika wakiwa humo kama vibarua na watazamaji, ni sehemu ya hadithi kama vilivyo vioo na mvuke.

Yeye mwenyewe alikuwa tayari anapiga hesabu kubwa zaidi. Alikadiria kwamba mihori ikitandazwa kwenye eneo la maili za mraba elfu 20 na ushee katika jangwa la Sahara, ingetoa nguvu inayolingana na ile iliyokuwa ikitokana na makaa na mafuta yote yaliyochimbwa duniani mwaka 1909. Watu walicheka. Hesabu yenyewe haikuwa na kichekesho.

Vita

Agosti 1914 vita vikuu vilianza Ulaya. Mainjinia wa Maadi walirudi makwao, kila mmoja upande wake. Kitchener aliitwa London kuwa waziri wa vita, na mwaka 1916 akafa baharini meli yake ilipozama. Mradi wa Sudan haukuanza. Koloni la Wajerumani kusini magharibi lilitekwa mwaka 1915. Mtambo wa Maadi ulibaki bila wenyewe na vyuma vyake vikaondolewa, maana wakati wa vita chuma kilikuwa na kazi nyingine.

Pigo kubwa zaidi lilikuja bila risasi. Mwaka huo huo wa 1914 serikali ya Uingereza ilinunua hisa nyingi katika kampuni ya mafuta ya Anglo-Persian ili manowari zake ziwe na uhakika wa mafuta. Mafuta yalikuwa yakipatikana Uajemi tangu 1908. Hoja nzima ya Shuman ilikuwa imejengwa juu ya makaa ghali yanayosafirishwa mbali, na sasa kulikuwa na mafuta yanayosafirishwa kwa urahisi, yanayowaka vizuri zaidi na yenye dola nyuma yake.

Shuman alirudi Tacony na kuendelea kuandika na kutetea jua. Alifariki tarehe 28 Aprili 1918, akiwa na umri wa miaka 56, miezi michache kabla ya vita kuisha. Hakuna aliyeuchukua mradi wake.

Kilichobaki

Mihori ilisahauliwa, lakini maji ya moto hayakusahauliwa, kwa sababu upande huo wa teknolojia ulikuwa na njia yake ya kawaida, isiyo na mabwana wakubwa. Clarence Kemp wa Baltimore alikuwa ameuza hita ya jua ya nyumbani tangu 1891. Mwaka 1909 William Bailey wa California alilitenganisha tangi na sanduku la joto, akaliweka juu na kulifunga vizuri lisipoteze joto. Maji yakipata moto huwa mepesi, hupanda yenyewe hadi tangini na ya baridi hushuka kuchukua nafasi yake, bila pampu wala umeme. Hicho ndicho kilicho kwenye mapaa ya Mbarara, kwa mabadiliko ya vifaa tu. Wazo la Shuman la kufunika kila sehemu ya moto kwa kioo ili joto lisitoroke limo ndani yake pia, na mirija ya kisasa iliyoondolewa hewa katikati ya kuta mbili za glasi imelifikisha wazo hilo mbali.

Mbarara, mji uliopandishwa kuwa jiji mwaka 2020, una wateja wa namna ambayo Shuman angewatafuta. Ni kitovu cha maziwa cha Uganda. Vituo vya kukusanyia maziwa huosha makopo na matangi kwa maji ya moto kila siku, na kuyapasteurisha maziwa kwa njia ya polepole kunahitaji nyuzi joto 63 kwa nusu saa, kiwango ambacho hita nzuri ya jua inakifikia au kukikaribia kabla ya moto mwingine kumalizia. Zahanati, shule za bweni na saluni zipo kwenye mahesabu hayo hayo.

Kwa mfanyabiashara anayevusha mizigo Mutukula, Mirama Hills au Katuna, kuna mambo ya karatasi ambayo ni afadhali kuyajua mapema. Tangu orodha ya kimataifa ya bidhaa ya mwaka 2022, hita za maji za jua zina namba yao, 8419.12, na hazipaswi kuandikwa pamoja na paneli za umeme. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inatoa msamaha wa ushuru kwa vifaa maalumu vya nishati ya jua, lakini mabomba, koki na vifaa vya kawaida vilivyopakiwa pamoja vinaweza kuhesabiwa kivyake. Utaratibu uliorahisishwa wa bidhaa zisizozidi dola 2,000 ni wa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya, na hita iliyotoka Asia haiwi ya Afrika Mashariki kwa sababu imelala usiku mmoja kwenye ghala la Kampala. Ulizeni wakala kabla mzigo haujafika kizuizini. Kenya ilijaribu njia ya kulazimisha, kwa kanuni za mwaka 2012 zilizotaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku yafunge hita za jua, na soko la mafundi likachangamka kutokana nazo.

Nakivale kuna kikwazo ambacho Philadelphia hakikuwepo. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kutembea, na kwa hilo Uganda imezitangulia nchi nyingi. Kiwanja anachopewa lakini si mali yake. Hawezi kukiweka rehani, na benki inapouliza dhamana hana cha kuonyesha zaidi ya bidhaa za dukani. Kifaa cha kulipia mafuta yote siku ya kwanza ndicho kigumu zaidi kwa mtu anayenunua mkaa kwa kikopo kila jioni. Shuman alikwama kwa sababu mafuta yaliuzwa kwa bei ya chini. Mwenye mgahawa wa Base Camp hukwama kwa sababu fedha yenyewe inauzwa kwa bei ya juu. Pale ambapo vikundi vya kuweka na kukopa vimekubali kununua kifaa kimoja kwa pamoja na kukilipa kidogo kidogo, hesabu inaanza kukaa sawa, na hapo jina la kampuni lina umuhimu mdogo kuliko fundi anayeishi karibu na atakayerudi mrija ukipasuka.

Misri yenyewe iliirudia mihori baada ya karibu miaka mia. Mwaka 2011 kituo cha umeme cha Kuraymat kilianza kazi, kikichanganya gesi na joto la jua, megawati 20 kati ya 140 zikitoka kwenye jua. Kipo kwenye bonde la Nile, kiasi cha kilomita 90 kusini mwa Cairo. Vioo vyake vimepinda kama vile vya Maadi, na bomba la joto linapita katikati, ndani ya glasi.